Kipoyi Hulala kwa Nani

Riziki mwanangu,

Mguu wangu ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu najua utakuwa umelia tangu kamio ilipoondoka, na mtu anayelia hasomi vizuri. Pangusa macho kwanza. Barua hii nimeificha chini ya mihogo ya kuchemsha, kwa kuwa nakujua: hutafika mbali kabla ya kufunua kikapu.

Ninapoandika, sijaanguka bado. Mvua inanyesha, wewe umekwenda kumuaga shangazi yako, na mimi nimekaa mlangoni nikichagua mahali pa kuangukia kesho. Nimechagua ule mteremko wa mbele ya kanisa, penye udongo mwekundu, ambapo hata mbuzi huomba Mungu kabla ya kupita. Watu watakapokuwa wanakusindikiza kwa nyimbo kwenda barabarani, wamebeba ile zawadi yao, nitaanguka hapo na kupiga kelele. Watanilaza kwenye mianzi ya kipoyi na kunirudisha nyumbani. Wewe utapanda kamio bila mama kusimama kando ya barabara akikupungia mkono. Hilo njo linaloniuma. Mguu, hapana.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa. Umesomea hayo kuliko mimi. Sitakuambia uvae sweta; Walikale kuna joto, na hata kungekuwa na baridi usingenisikia. Nataka nikuambie juu ya chama, kwa sababu unakwenda kuanzisha kingine, na sitaki uanzishe na ujinga wetu.

Wewe umekua ukiona chama cha kipoyi kikifanya kazi, kwa hiyo unafikiri unakijua. Umeona wanaume wakipita mbio na mianzi miwili mabegani, mgonjwa amelala katikati kwenye mkeka na kamba, wengine wakikimbia pembeni wakingoja zamu yao, wakiimba ili wasihisi uzito. Kutoka mlimani mpaka lupitali, mvua ao jua, bila mtu kulipwa kitu. Ni kitu kizuri. Sijaona kizuri kuliko hicho katika mlima huu. Lakini kitu kizuri nacho huharibika, na hakioni aibu kuharibika.

Unaijua desturi. Kipoyi kilichobeba mgonjwa hakiingii katika nyumba ya watu wenye afya, maana kikiingia kitatafuta wa kumbeba. Kwa hiyo kinalala kwa yule kilichombeba mwisho, mpaka mgonjwa mwingine atume watu kukichukua. Hakuna anayekipangia mahali. Kinatembea mlimani kama mgeni, kikilala huku na huku, na asubuhi mtu akizidiwa, kazi ya kwanza ya jamaa zake ni kuuliza: kipoyi kimelala kwa nani? Ulipokuwa mtoto uliona huo ni mchezo. Mlikuwa mnakimbizana kuuliza nyumba kwa nyumba.

Sasa nikueleze juu ya baba yako, maana ulikuwa unalala shuleni Masisi na uliambiwa tu kwamba alikufa kwa homa. Ni kweli. Lakini homa ilikuwa na wasaidizi, na wote walikuwa watu wema, na wote walikuja kwenye kilio wakala maharage yangu.

Ilikuwa mwaka ule wa vurugu. Kabla ya vurugu, kipoyi kilikuwa kimemrudisha mama yake Papa Kalume kutoka lupitali mpaka kwao ng'ambo ya mto, amepona. Tulipiga vigelegele. Nilikuwemo. Wakati wanakivusha mto nilijiuliza: kitarudije kwetu mto ukijaa? Wazo lilinijia waziwazi, nami nikalipigia vigelegele, likaondoka. Baada ya hapo watu wakaanza kukimbia. Papa Kalume akafunga nyumba yake kwa kufuli, akachukua familia akaenda upande wa Goma, na kipoyi kikabaki ndani. Hakukiiba. Alifuata desturi. Kililala kwake.

Baba yako alipozidiwa, vijana walikimbia mpaka ng'ambo. Walipofika walikuta kufuli, wakasimama mbele ya nyumba wakijadiliana, kwa heshima kabisa, kama mlango wa mtu asiyekuwepo unaweza kuvunjwa. Mmoja alisema ni wizi. Mwingine akasema tumuulize mkubwa wa chama. Wakarudi kumuuliza mkubwa wa chama. Wao walipokuwa wakijadili mlango wa Papa Kalume, mimi nilikuwa nimekwisha kung'oa wa kwangu.

Tulimlaza juu ya mlango wetu, tukamfunga kwa vitenge vyangu. Mwanangu, mlango haukukatwa kwa ajili ya mtu. Ni mpana kuliko njia, na kwenye mteremko mgonjwa anateleza kama maharage kwenye ungo. Kila hatua chache tulisimama kumvuta juu. Alifumbua macho mara moja, akanitazama kana kwamba nimefanya kosa la kitoto, akasema, "Mama Riziki, nyumba umeacha wazi." Hakusema kingine. Hatukufika kwenye daraja.

Ule mlango niliurudisha mwenyewe mahali pake. Ndiyo sababu unakwaruza chini ukifungwa. Ulikuwa unaniuliza kila likizo kwa nini siiti fundi.

Baada ya kilio nilikwenda kwenye mkutano wa komite nikawapigia kelele. Hilo lilikuwa kosa, na lilinigharimu. Mwanamke akipiga kelele, wanaume hawasikilizi anasema nini, wanasikiliza kelele inatoka kwa nani. Papa Bauma, mkubwa wetu, aliniacha nimalize, kisha akasema kwa upole, "Mama iko na maumivu. Tumuombee." Wakaniombea. Tangu siku hiyo, kila nilipofungua mdomo, waliniombea. Sijawahi kubarikiwa namna ile bila kupata kitu.

Nikabadili njia. Nikaanza kuuliza polepole. Wabebaji wenye nguvu wakienda wote na kamio moja kuchuma kwenye mashamba makubwa, nani anabaki mlimani? Daraja likichukuliwa na maji? Kamba zikioza? Papa Sengi, mwandishi wa chama, aliweka kalamu chini kana kwamba imemuunguza.

"Mama, unaita mambo."

"Siite kitu, Papa. Nauliza tu."

"Kuuliza njo kuita. Ukisema daraja itaanguka, daraja inasikia."

Fikiria hilo, mwanangu. Chama cha kubeba wagonjwa, na ndani yake ni mwiko kutaja ugonjwa. Kama mvuvi anayekatazwa kusema samaki. Si wajinga, usiwadharau. Ni watu waliozika sana, na mtu aliyezika sana hupenda kufikiri kwamba kifo kinakuja kwa sababu kuna aliyekiita. Ni afadhali hivyo kuliko kufikiri kwamba kinakuja tu.

Na tena kulikuwa na ile gari. Kabla ya uhuru, mzungu mmoja wa misioni aliwaahidi gari ya kubebea wagonjwa. Alisema mara moja, nafikiri, akiwa anaaga na ana haraka. Basi. Tangu siku hiyo hakuna aliyekata mwanzi mpya. Kwa nini kukata mwanzi, na gari inakuja? Yule mzungu akarudi kwao mwaka waliporudi wengi, lakini gari haikufutwa katika maneno yetu. Hata mwezi uliopita Papa Bauma alisema mbele ya watu, "Gari iko njiani." Nafikiri inakuja kwa miguu.

Kipoyi cha pili nilikipata kwa uongo, na uongo huo sijautubu. Nilipita kwa Papa Bauma jioni moja kumpelekea bakuli la sombe, nikasema kwa bahati tu, kama mtu anayezungumzia mvua: "Inaonekana watu wa Kingi wako na vipoyi viwili siku hizi."

"Viwili? Kingi?"

"Njo nilisikia. Sijui. Watu wanasema mengi."

"Kingi ata kimoja hawakuwa nacho!"

"Ah, Papa, watu wanaendelea."

Hakumaliza sombe. Kabla wiki haijaisha, mianzi ilikuwa imekatwa, mizuri, iliyonyooka, na kamba zimesukwa upya. Watu wa Kingi hawakuwa na viwili wakati huo. Sasa wanavyo, kwa sababu walisikia sisi tuko navyo. Sijawahi kufanya kazi ya maana namna ile katika maisha yangu yote ya ukristo.

Hicho cha pili kilining'inizwa kanisani, nyuma ya mabenchi. Na kwa sababu hakijambeba mtu, hakina kwao. Ni safi, wanasema. Wamekipenda hivyo. Wanakionyesha kwa wageni. Hata mama yule wa bonde alipovunjika paja wakati wa kupanda maharage, walikwenda kukitafuta kile cha zamani mbali, ng'ambo ya mto kule kule, wakakiacha kipya kining'inie na uzuri wake. Nilipouliza kwa nini, nilijibiwa, "Kile ni cha siku ya haja." Paja la yule mama, inaonekana, lilikuwa la siku ya kawaida.

Sasa tufike leo. Wewe ulikuwa unafunga mizigo, ukaona nimerudi kutoka mkutanoni bila kusema neno, ukaniuliza kama kichwa kinaniuma. Kilikuwa kinauma.

Papa Bauma alisimama akasema mtoto wetu anakwenda Walikale, anakwenda kusaidia lupitali, anakwenda kufungua chama kama chetu, jina la mlima huu litasikika mpaka porini. Wote wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, maana ni wewe. Kisha akasema, "Mutoto wetu hawezi kwenda mikono mitupu. Tunamupatia kipoyi."

Nikasema, "Kipoyi gani, Papa?"

"Ile mupya. Ya kanisani."

"Na tunabaki na moja."

"Tulikuwa na moja siku zote, Mama Riziki. Hatukufa."

Nafikiri alisikia alichokisema, kwa sababu alitazama kofia yake.

Nikasema, "Papa Bauma, huko anakokwenda iko pori. Miti iko mingi kuliko watu. Wanaweza kukosa vyote, hawatakosa miti miwili."

Mama mmoja akacheka nyuma. Papa Sengi akasema, "Si miti, Mama. Ni roho ya zawadi."

"Roho ya zawadi itabeba nani hapa, mto ikijaa? Papa Kalume amerudi, na ile ya zamani inalala tena kwake, ng'ambo. Na nyumbani kwangu Furaha iko na mi..."

"Sss! Mama!" Watu watatu kwa pamoja. "Mimba haitajwe mbele ya watu!"

Basi. Furaha, mke wa kaka yako, amelala chumba cha pili sasa hivi ninapoandika, namsikia anavyogeuka. Unajua yule wa kwanza alivyompoteza. Tumbo limeshuka. Mimi nimeona, mama mkunga ameona, komite haijaona kwa sababu ni mwiko kuona. Bahati mumewe yuko Omate kwenye machimbo, na kwa njia hizi na mvua hizi hawezi kufika kabla mtoto hajazaliwa. Mama mkunga ameniambia kwa sauti ya chini, nje, karibu na migomba: "Huyu hatazalia nyumbani. Maumivu ikianza, mutelemuke mbio." Nikamuuliza, tutelemke na nini? Akatazama mlango wangu. Yeye pia alikuwepo siku ile.

Walipiga kura. Mikono yote juu kwa ajili ya zawadi, isipokuwa wangu. Na hao ndugu zetu, walipoona mkono wangu haujainuliwa, unafikiri walifanya nini? Waliniombea.

Nilifikiri nikuambie wewe ukatae. Ningeweza. Lakini binti anayekataa zawadi ya mlima mzima siku ya kuondoka anaacha maneno nyuma yake ambayo yatakula watu wa nyumbani mwake, na wewe jina lako utalihitaji. Isitoshe uso wako ni wa baba yako. Haujui kuficha. Ningekuambia leo, kesho hata katekista angesoma kila kitu usoni pako kabla ya sala ya kufungua. Ndiyo maana unasoma hili ukiwa mbali.

Basi nimetafuta katika vitu vyao wenyewe, na nimepata. Kipoyi kinalala kwa yule kilichombeba mwisho. Hakuna katika komite atakayevunja hilo. Wangevunja amri kumi kwanza. Kesho kitakuwa kimebebwa mbele kwa nyimbo, kitupu, safi, hakina kwao. Nikianguka kwenye udongo ule, wataangalia huku na huku kutafuta cha kunibebea, na kitu pekee kitakachokuwepo ni hicho. Nitakataa kupelekwa lupitali. Nitasema nyumbani, nyumbani, nataka kufa kwangu. Wakinilaza humo, kimebeba. Wakinishusha mlangoni, kimepata kwao. Dereva wa kamio hangoji mtu. Nilipita kwake leo, nikitoka mkutanoni, na ndizi mbili tatu nikamuuliza. Kitabaki ndani ya nyumba yangu, kimeegemea ukuta wa chumba cha Furaha, na mimi nitachechemea mbele ya watu mpaka mtoto azaliwe. Baada ya hapo Mungu ataniponya ghafla, na Papa Bauma atasema ni maombi.

Wanasema anayejifanya mgonjwa anauita ugonjwa. Nimelipima hilo pia. Nimeweka upande mmoja mguu wangu wa kizee, upande wa pili yule anayegeuka chumba cha pili. Sikuhitaji mizani.

Sasa unajua kwa nini nina hasira, na hasira yangu si kwa watu wabaya. Ingekuwa rahisi kwa watu wabaya. Nimechoka na watu wema wanaoamini kwamba wema wao ni paa. Huko Walikale utawakuta haohao, na lugha nyingine. Watakupenda. Watakupa kuku. Watakusanyika wengi siku ya kwanza, na utakapouliza ni nini kinaweza kuharibika, watanyamaza kama umetukana mama zao.

Usiwaulize hivyo. Mimi nilichelewa kujifunza, na nilijifunza kwa kusikiliza, si kwa kusema. Watu hawasemi ya kesho, wanaogopa kuyaita. Lakini ya jana! Ya jana wanasimulia mpaka bugali inapoa. Kaa jikoni nao. Uliza, ni nani alikuwa mgumu kubebwa mwaka uliopita? Njia ilikatika wapi? Mlipofika kwa mgonjwa, ni nini hakikuwepo? Watashindana kusimulia. Mmoja atasema kamba ilikatika, mwingine atasema hapana, wabebaji walikuwa wote kwenye machimbo, wa tatu atacheka na kusema wote mnasahau kwamba funguo ilikuwa kwa yule aliyesafiri. Wewe nyamaza, ule, ukumbuke. Yote waliyoyasimulia ya jana, hayo njo ya kesho. Wamekuambia bila kuita kitu.

Na ukipata hayo, usiyarudishe kwao kama mwalimu. Mwambie mkubwa wao kwamba upande mwingine wa mto wamekwisha kufanya. Utaona.

Kitu kingine kimoja tu, kisha ninyamaze. Uliponiambia umekubali kwenda, nilikuambia nimefurahi, na ulinitazama kama huniamini. Hukukosea. Nilikuwa na hofu, nami sikuitaja, maana mimi pia ni mtu wa mlima huu. Naogopa mto, naogopa barabara ile, naogopa kwamba utakuwa mwema kupita kiasi. Nimeandika hapa, haikunyesha moto. Basi kumbe inawezekana kutaja.

Mvua imepungua. Nakusikia unacheka huko chini na shangazi yako, unarudi. Lazima nikunje karatasi.

Sasa wewe unajua kuliko mimi, maana kwako kesho yangu imekwisha kuwa jana. Inua macho utazame juu ya mizigo. Kama hakuna kipoyi, kula mihogo yako, cheka kidogo, na usimwambie mtu. Lakini kama kipo, basi walinibeba mgongoni, ao waliniacha nikakaa kwenye tope mpaka wimbo ukaisha, na mpango wangu umeanguka peke yake. Hapo usifikirie aibu, usimfikirie Papa Bauma, usinifikirie mimi. Mgongee dereva asimame. Kishushe mwenyewe, ungoje kando ya barabara gari ya kwanza inayopanda kwetu, uwaambie kinarudi kwao. Huko unakokwenda wana miti.

Usiniandikie kwanza. Kirudishe kwanza.

Mama yako